Mikia Miwili

Mwanakondoo wa jirani alikuwa na mikia miwili. Mmoja ulitikisika akinyonya, mwingine ulining'inia tu.

Stamena alikuja kuazima uma wa kuzolea samadi. Sasa alisimama zizini mwa jirani huyo, mwanamke mjane, akitazama.

"Kondoo wangu alizaa mfu," mjane akasema upesi. "Nikamvika huyu ngozi ya marehemu, ili kondoo anuse harufu ya mwanawe, asimkatae."

"Hilo najua. Huyu mwenyewe umemtoa wapi?"

"Nimepewa."

"Siku hizi watu wanagawa wanakondoo?"

Mjane akainamia ndoo yake.

Stamena akapiga magoti, akapenyeza vidole chini ya ile ngozi mbichi mpaka shingoni. Akaukuta uzi mwekundu na mweupe, na fundo alilolifunga mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto. Tarehe mosi Machi aliwafunga wanakondoo wake wote uzi huo wa heri. Juzi mumewe alimwambia mmoja wa wanakondoo wao mapacha kaliwa na mbweha, na yeye akamlilia.

Akamgeuza. Tumboni ngozi ilikuwa imeshonwa kwa mishono midogo, safi, kwa uzi wa buluu wenye nta. Ni ule wa kushonea viatu, ambao mumewe hamwazimi mtu.

"Dada, ngoja nikueleze."

"Usinieleze wewe."

Ng'ambo ya ukuta mumewe alikuwa akipogoa mizabibu huku akipiga mluzi. Stamena akambeba mwanakondoo, akausogelea ukuta.

"Bwana wee, njoo huku. Mbweha wako nimempata. Kumbe anajua kushona."

Mluzi ukakatika.