Asali Kabla ya Maneno

Tapkigen na mwanawe walikuwa wameshavuka mto na mizinga ya nyuki mgongoni, na mama alikuwa bado anatukana. Nyuma yao misumeno ilikuwa inaangusha miti ili nyaya za umeme zipite.

Siku hizi wenye nyaya hawatumi watu kushauriana na wenyeji. Wanatuma mashine yenye miguu, iliyofundishwa lugha na mila za kila kabila. Ilipobisha hodi kwa Tapkigen, imelowa mvua, ilimwamkia kwa Kiogiek safi kabisa. Akaipa asali, kama apewavyo mgeni yeyote kabla ya mazungumzo. Mashine ikashukuru, ikaondoka. Nyumba zote ziliipa asali, na kwa hesabu yake aliyekupa asali amekubali nyaya zipite.

“Mama, kitu hakina hata tumbo, wewe unakipa asali!” alisema mwanawe, Sitonik.

“Ningekiacha mlangoni kama mbwa? Asali huja kwanza, maneno baadaye. Ndiyo kwanza nilikuwa navuta kigoda nikae nikiambie hapana!”

“Hakikufundishwa kungoja, mama.”

“Basi walaaniwe waliokifundisha! Na wewe acha kunicheka, beba mzinga!”

Nyaya zilipita. Sitonik alipata kibarua cha kufyeka majani chini ya nguzo. Nyuki walihama, hawakurudi. Mashine ilipelekwa ng'ambo ya bonde kushauriana na wengine. Tapkigen alipewa nyumba ya bati kando ya barabara, na wageni waliobisha hodi pale, hata wajukuu zake, hakuwapa kitu, hata maji.