Boti ya Kuonyesha Wageni

Maji yaliyotiririka kwenye tumbo la boti yalikuwa meupe kama ya kuoshea muhogo. Hippolyte aliendelea kusugua kwa msasa. Mabega yalimwaka, vidole vilishakufa ganzi, na ile buluu ya zamani ndiyo kwanza ilianza kuchungulia chini ya unga mweupe wa rangi iliyochakazwa na jua la miaka.

Boti ilikuwa ya kituo cha afya, naye ndiye aliyewavusha wagonjwa mto Lualaba. Kesho wageni wa shirika lililoitoa wangekuja kuikagua.

"Bakikuta iko hivi, batatunyanganya," alisema Mama Yvette, muuguzi mkuu. "Batasema hatujue kuchunga vitu."

"Mama, mi nimechoka."

"Na Sarah-Grâce atavuka na nini?"

Sarah-Grâce, binti yake Hippolyte, alikuwa ng'ambo kwa mumewe, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Walishakubaliana: uchungu ukianza, watu wa kule watapunga kitenge chekundu, naye atakwenda mbio.

Basi akasugua. Alipofika kwenye ufa, ule uliomfanya achote maji kwa kopo kila safari, aliujaza gundi, akapitisha msasa, akapaka polishi ya magari, akasugua kwa kipande cha blanketi hadi yeye mwenyewe hakuuona tena. Alijua gundi ile haitashika. Lakini wageni kwanza, mengine baadaye.

Asubuhi lori likafika. Nyuma lilibeba mzigo mrefu uliofunikwa turubai, na juu yake rundo la kamba. Kamba hizo, aliwaza Hippolyte, ni za kufungia boti yetu.

Mkubwa wa wageni, Bwana Fabrice, aliizunguka boti, akajiona uso kwenye ile buluu, akacheka.

"Na sisi tuliambiwa imezeeka! Haivuje?"

Mama Yvette akamkazia Hippolyte macho.

"Hata tone, patron," alisema Hippolyte.

"Muko batu ya kuchunga vitu. Félicitations, hongera!" Akawapa mikono, akapanda lori, akamwambia dereva wake, "Twende. Ba kituo cha Kabambare ndio batafurahi."

Hippolyte aliketi mchangani. Wameiacha! Mwili wote ulimuuma, na bado alicheka peke yake. Mama Yvette alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka majumbani.

Lori lilipokuwa likipanda kilima, upepo ukafunua pembe ya turubai. Chini yake kulikuwa na boti mpya ya buluu, na ubavuni pameandikwa jina la kituo chao.

Hippolyte aliinuka apige kelele, lakini vigelegele vya Mama Yvette vilikuwa vimekatika ghafla. Yeye hakuwa akitazama lori. Alikuwa akitazama ng'ambo, ambako kitenge chekundu kilikuwa kikipungwa.