Isale la Bibi Tabitha

Bibi Tabitha aliingia mkutanoni amechelewa, jani la isale mkononi, na Mwenyekiti Melkior nusura apige makofi.

Kila aliyekulia migombani anajua: ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huna budi kusamehe. Mwezi mzima bibi huyu alikuwa akimpinga peke yake. Kumbe akili zimemrudia.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya ukumbi huohuo walimokaa. Wazee waliujenga kwa mawe ya mtoni na udongo, wakaupa boriti za mringaringa zisizowahi kuona randa. Bibi Tabitha aliupenda kama mtoto wake. Melkior aliuonea haya. Yeye ni mtu wa maendeleo. Getini kwake wamekaa simba wawili wa saruji, rangi ya dhahabu, mmoja ana makengeza. Alitaka ukumbi wa vioo, jina lake mlangoni.

Katapila la kubomolea alilipata kwa asubuhi hiyo tu, kabla halijaenda mjini Mkuu kwa kazi ya mwaka mzima. Alimwelekeza dereva kwa simu: "Ukifika, muulize yeyote. Huku kila mtu anaijua kazi yangu."

Ngurumo ya katapila ilikuwa imesikika huko juu muda si mrefu, kisha ikatulia. Melkior alitabasamu. Linakuja.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa sauti ya mshindi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekukosea. Naomba unisamehe mbele ya watu hawa."

"Yote?"

"Yote. Hata usiyoyajua bado."

Kitenge chake kilikuwa na vumbi jeupe, na huku udongo wote ni mwekundu. Melkior hakuliona. Alikuwa akiangalia nani anamtazama. Akainuka, akakaza tai, akahutubia robo saa nzima kuhusu ukubwa wa moyo wake. Kisha akalipokea isale kwa mikono miwili, akaliinua juu.

"Nimesamehe yote! Atakayelifufua jambo hili, laana na imrudie mwenyewe!"

"Amina," alisema Bibi Tabitha kabla ya wote, akaketi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mwenye kofia ya kazi, anajifuta jasho.

"Mwenyekiti ni nani? Tumemaliza, tunaelekea Mkuu. Bibi huyu ametuonyesha vizuri sana. Wale simba wenyewe tumewasukuma mara moja tu."