Mikono ya Kumpokea Mtoto

Siku hizi mtoto mchanga hapakatwi na mtu mpaka viganja vya jamaa vipimwe, ionekane bakteria wa nani wanamfaa. Kwa hiyo Sekela alipojifungua, mama yake, Bibi Ambwene, na mama mkwe wake, Bibi Tusekile, walikuwa tayari mlangoni. Wote wawili walikuwa wamekunywa mtindi mwezi mzima ili bakteria wa mikono yao wanawiri.

Nesi aliwapangusa viganja kwa pamba, akaitia pamba kwenye mashine na kuwasha umeme. Bakteria wakavutwa kuelekea upande wa chanya, na kasi yao ikaonyesha ukubwa wa chaji hasi iliyo juu ya miili yao.

"Bibi Ambwene, chaji yako imezidi. Bibi Tusekile, yako haitoshi."

"Mashine hiyo ina uongo," alisema Bibi Tusekile, na kwa mara ya kwanza Bibi Ambwene akakubaliana naye.

Aliyefaulu alikuwa mume wa Bibi Ambwene, Mzee Andongolile, aliyekuja kuleta chupa ya chai tu. Hakuwahi kuwapakata hata watoto wake mwenyewe. Alikaa wima kama anayepigwa picha, na alipouliza, "Sasa nimshike wapi?" wodi nzima ikacheka. Mtoto, aliyekuwa akilia, akanyamaza palepale mikononi mwake.

Sekela naye alicheka, akanyoosha mikono. "Nipe sasa, baba."

"Subiri, dada," nesi alisema kwa upole. "Chaji yako imesoma chini. Tutakupima tena kesho."

Hakuna aliyeshangaa. Sekela akaendelea kutabasamu, akairudisha mikono yake chini ya shuka.