Maneno Thelathini ya Usaili

Mwenyekiti wa usaili alivua miwani, akamtazama karani wa masjala, kisha akamwomba arudie sentensi ile ya mwisho.

Akairudia. Kiingereza kilimtoka bila kukwama. Mjumbe wa kushoto alijifunika mdomo kwa faili.

Maneno yenyewe yalikuwa thelathini, ya kiofisi matupu. Wiki mbili alikuwa akiyameza, matatu kila mchana, kwenye jiko la ofisi ambako mpokezi alimsomea kutoka kwenye karatasi. “Liability” ni dhamana, mtu wa kutegemewa. “Redundant” ni mwenye uwezo wa ziada. “Notorious” ni mashuhuri. Mpokezi naye alikuwa ameomba nafasi ileile, ukuu wa masjala makao makuu, mwendo wa saa tisa kwa basi kutoka pale, lakini hakuonyesha kinyongo.

“Wa kupata atapata, dada,” alisema. “Wewe kariri.”

Nyumbani, mumewe alimsikiliza akikariri huku akimpigia pasi blauzi. Alikuwa mwalimu wa sekondari, ila kumfundisha mkewe alikataa tangu mwanzo.

“Mume na mke wakifundishana, chakula kinaungua,” alitania. “Na hizo kamusi za simu achana nazo, zitakuchanganya. Shika anachokupa mwenzako.”

Miaka kumi na minne karani alikuwa amewapangia mafaili watu waliomkuta pale, wakapanda vyeo, wakamwacha palepale. Safari hii aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukampaa.

“Mama,” mwenyekiti alisema, sasa kwa Kiswahili, kwa upole uliouma kuliko kicheko, “umetuambia kwamba wewe ni mzigo kwa ofisi, kwamba huhitajiki tena kazini, na kwamba unajulikana kote kwa sifa mbaya. Nani anawafundisha haya?”

Wakamwambia hapohapo kwamba jina lake haliendi mbele.

Alishuka ngazi hadi mapokezi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na aliona haya kwamba alichelewa kulijua hilo.

“Ungeniambia tu hutaki nikushinde,” alimwambia mpokezi. “Nimekaa nawe wiki mbili nakuita mwalimu, kumbe unanichimba.”

Mpokezi alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu hata kabla karani hajafika.

“Mimi wameniita asubuhi,” alisema. “Nimeyasema yaleyale, wamenicheka vilevile. Dada, Kiingereza changu ni cha kumkaribisha mgeni na kumwambia asubiri. Yale ningeyatoa wapi?”

“Ulikuwa unanisomea karatasi.”

“Nilikuwa naletewa, kila Jumatatu. Nikaombwa nisiseme, eti ukijua zinatoka kwake utaona haya kujifunza. Nami nikaona ni mapenzi.”

Karani alifungua mdomo kuuliza, simu ikatetemeka mkobani. Hazijapita dakika tano tangu atoke kwenye usaili, na matokeo hakuwa amemwambia mtu.

Ujumbe ulitoka kwa mumewe: “Pole sana, mke wangu. Haikuwa riziki yetu. Tubaki zetu hapahapa.”