Fundi Saa Amfuata Mkewe

Fundi saa alijikunja nyuma ya pipa la taka, akihema kama aliyefukuzwa na mbwa. Ng'ambo ya barabara, mkewe wa ndoa alikuwa ameinama anafunga kamba za raba zake. Alizifunga taratibu, kana kwamba ana siku nzima. Fundi akamshukuru Mungu kwa kamba hizo. Bila hizo angekuwa ameshampoteza.

Siku hizi akisimulia kisa hiki, huanza kucheka kabla ya wasikilizaji wake. Wakati ule hakikuwa cha kuchekesha.

Mambo yalianzia kibandani kwake. Kwanza skrubu za saa zilianza kumkimbia machoni. Akalaumu lenzi, akanunua nyingine. Ikaja kiu, soda moja haikuikata, akaongeza ya pili. Kisha safari za msalani, mpaka wateja wakawa wanakabidhi saa zao kwa kiti kitupu. Akalaumu joto. Mkewe alipochoka kusikia lawama, alimpakia kwenye teksi hadi hospitali, akapimwa damu.

"Una kisukari, mzee wangu," daktari alisema. "Aina ya pili. Huu si ugonjwa wa kumaliza dozi ukausahau, lakini ukijitunza utaishi nao vizuri tu. Dawa umeze, soda uache, sahani ijae mboga. Na utembee kila siku."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote."

"Daktari, mtu mwenye akili zake hatembei bila safari."

Daktari alimtazama mke. Mke akatazama dari.

Vidonge fundi alivikubali, maana kumeza hakumlazimu mtu kusimama. Mengine yote aliyapuuza. Mkewe alibembeleza, akanuna, hata akalia. "Yaani unataka kuniacha mjane kwa ajili ya chupa ya soda?" Halafu ghafla akanyamaza, hakusema tena. Fundi akajipongeza kwa ushindi.

Haikupita wiki, mke akaanza kutoka asubuhi asubuhi, amejipulizia manukato.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna mtu naenda kumwona."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Nyumbani nako kukaharibika. Soda zilitoweka kwenye friji. Sukari iliisha, na kila alipokumbushwa kununua, mke alisahau. Wali uliokuwa mlima ukawa kichuguu kidogo pembeni mwa rundo la majani. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Mwanamke akishapata mwingine, hata kupika humshinda.

Akaenda kumlilia shemeji yake, kaka wa mkewe, dukani kwake anakouza rangi.

"Shemeji, nimekwisha. Dada yako ana mtu."

Shemeji alishikwa na kikohozi kirefu, akageukia makopo yake. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Mfuate," alisema. "Usikose hata siku moja. Na usithubutu kupanda gari, atakushtukia."

"Lakini anakwenda mbali!"

"Basi kaa, mwachie huyo jamaa amchukue."

Fundi akamfuata. Siku za mwanzo ilikuwa aibu tupu: aliishia kwenye kona ya mtaa wao, akarudi nyumbani ameshika ukuta. Polepole akafika sokoni. Baadaye darajani. Hatimaye akaukwea mpaka ule mlima wa nyuma ya shule, ambao hata vijana huulaani. Bahati ilikuwa upande wake, maana kila alipoishiwa pumzi, mke naye alisimama. Mara anachagua nyanya, mara raba zimefunguka. Na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mapenzi yamempofusha, fundi aliwaza, amejibanza kwenye nguzo ya umeme, tumbo limechomoza upande huu na makalio upande ule. Wapita njia walimwamkia. Aliwaitikia kwa kunong'ona.

Wivu ukamkondesha. Suruali zikawa zinamvuka, ikabidi atoboe tundu jipya kwenye mkanda. Usiku alilala kama gogo, msalani haendi, akadhani ni uchovu wa huzuni. Macho nayo yalimfanyia ukatili: yaliyokuwa yakishindwa kuona skrubu sasa yalimwona mke, kutoka mbali kabisa, anavyotabasamu peke yake.

Mkewe anampenda huyo mtu, basi. Siku hiyo fundi alikaa kibandani bila kugusa saa hata moja. Ndipo alipotambua kwamba bila yule mwanamke, hata hizo soda hangejua azinywe kwa furaha gani.

Asubuhi moja mke hakusimama popote. Alishuka mlima, akakata kichochoro, akapanda ngazi za nje, akagonga mlango wa nyuma wa jengo la ghorofa ambalo fundi hakulijua kwa upande ule. Mlango ukafunguliwa na mwanamume. Fundi aliona mkono wake tu na kipande cha bega. Wakacheka pamoja. Mke akaingia.

Damu ilimpanda fundi kichwani. Alivuka barabara mbio, akapanda ngazi mbili mbili, wala hakuhema. Akausukuma mlango kwa bega.

"Nimewafuma!"

Mwanamume hakushtuka. Alikuwa yule yule daktari, na tayari alikuwa ameshavaa glavu.

"Daktari, huyo hapo," mke alisema, machozi yakimlengalenga. "Kaja kwa miguu yake." Kisha akamvutia mumewe kiti. "Kaa upimwe, baba. Na kesho tutembee sambamba, nimechoka kukusubiri kila kona."