Kota ya Aliyepotea

"Nilimfumba macho mwenyewe, shemeji," alisema koplo kwa sauti ya chini, rafiki wa mumewe, begi lake la safari bado likiwa begani.

Mke alikuwa amesimama jikoni, kwenye kota waliyopewa na jeshi. Akafunua kinywa alie. Koplo akainua kiganja haraka.

"Usilie, majirani watasikia. Tulirudi nyuma tukauacha mwili, kwa hiyo kikosini wanajua amepotea tu. Maadamu amepotea, nyumba ni yenu. Nikisema nilimwona akifa, mwezi hauishi mtatolewa vyombo nje. Niseme, nisiseme? Amua wewe."

Mke alifikiria watoto waliokuwa shuleni. Waende wapi? Wakihamishwa kambi hadi kambi, yeye na mumewe hawakuwahi kujenga hata kibanda.

Akajaza pembe ya mtandio mdomoni, akaiuma hata taya zikatetemeka. Machozi yalimtoka, sauti haikumtoka.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Mama mkwe, ambaye macho yake hayakuwa yakiona tena, akatoka akipapasa ukuta.

"Nasikia sauti ya mwanamume. Ni mwanangu?"

Mke akachomoa mtandio mdomoni. Ulikuwa umelowa, na una alama ya damu.

"Ni koplo, mama, rafiki yake."

"Katoka huko huko? Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu sana."

Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Basi kaa hapa, baba, unisimulie. Anakula vizuri huko?"

Koplo akamtazama shemeji yake. Kisha akatua begi, akaketi.